Shoku Haibebi Gari

Tangu nitoke gereji mmekuwa mkinipigia simu, na kila simu ni ya jambo lile lile: mzee Noor, kile kijiti chako umekipeleka wapi? Hamniulizi hali ya magoti yangu. Hamniulizi kama mkongwe kama mimi bado anapata usingizi. Kijiti tu. Basi leo nimemimina chai yangu nikakaa kuwajibu, na jibu lenyewe ni refu. Mtalisoma lote ndipo mjue kwa nini sikukiacha pale ukutani karibu na mashine ya upepo. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nusu yenu mmetoka Mwingi na Kitui, na nusu iliyobaki mnasoma Kiswahili haraka kuliko Kisomali chenu wenyewe, jambo ambalo nalo lina aibu yake lakini si la leo.

Nilizaliwa kambi ya polisi hapa Garissa, baba yangu akiwa askari, ndiyo maana ulimi wangu haukwami kama wa binamu zangu wa Wajir. Gereji niliingia nikiwa sijui hata spana inashikwa upande gani. Aliyenipokea ni fundi mmoja wa Mwingi aliyeitwa Musembi, mtu mfupi, mkavu, asiyependa maneno. Siku ya kwanza hakunipa chombo chochote. Aliniambia nikakae kando ya lile tuta la barabarani mbele ya gereji, nitazame matako ya magari yakivuka. Ndivyo alivyosema, matako ya magari. Nikaona huyu mzee amenidharau, mtoto wa askari mzima nimekuja kujifunza kazi, ananituma kutazama matako.

Adhuhuri akanijia. "Haya, katika hizo ulizoona, ni gari gani itaua mtu?"

Nikamwonyesha lori lililokuwa limebeba mbuzi, limeinama upande kiasi cha kutisha. Akatikisa kichwa. Wakati huo kikapita kigari kidogo, kitupu, dereva peke yake, mkia unarukaruka kwenye lile tuta na kuendelea kurukaruka hata baada ya tuta kwisha.

"Ile," Musembi akasema. "Ya mbuzi inajulikana imebeba, dereva anaiogopa. Ile tupu haiogopwi na mtu."

Mwaka mzima nilimsikia akirudia hilo. Kila gari alilolifanyia kazi chini alilisikiliza likiwa tupu, na swali lake lilikuwa moja: ikiwa tupu itakuwaje? Wateja walikasirika. Mtu amekuja na gari lililolala kwa sababu ya mzigo, anaulizwa habari za gari tupu.

Siku nyingine alinifungulia somo ambalo nimelibeba hadi leo. Aliniambia nitoe shoku zote mbili za nyuma za gari dogo, zile shokamzoba, nizilaze chini, kisha nishushe jeki. Nikashusha.

"Imelala?"

"Haijalala."

"Na shoku ziko wapi?"

"Ziko hapa chini."

"Basi nani anaibeba?"

Springi ndiyo inabeba. Shoku haibebi gari. Kazi ya shoku ni kuituliza springi, kuishika isiendelee kucheza baada ya shimo kupita. Jambo hili mtoto wa darasa la tatu analielewa akionyeshwa, lakini nimefanya kazi Garissa maisha yangu yote na sijui nimelisema mara ngapi kwa watu wazima wenye ndevu, wakaniitikia kwa adabu, kisha wakavuka barabara hadi dukani wakamwambia muuzaji, gari imelala, nipe shoku ngumu. Na yule wa dukani, badala ya kuuliza springi ina hali gani, anashusha boksi kutoka rafuni, analipangusa vumbi, anasema neno lake: itaingia. Ni gari gani, inabeba nini, inakwenda njia gani, haulizi. Itaingia tu.

Ndiyo, itaingia. Hata kanzu yangu itamwingia mjukuu wangu. Gari lenye springi zilizochoka likivalishwa shoku ngumu, kwenye ile barabara ya vumbi iliyojikunja mawimbi mawimbi, linabonyea kwenye wimbi la kwanza, na kabla halijapata nafasi ya kuinuka linakutana na la pili, na la tatu, linazidi kushuka tu kwa sababu shoku imelishika chini. Likifika Modogashe tumbo linaburura. Mwenye gari anarudi kututukana sisi, si wa dukani. Hilo nalo limenikera miaka yote.

Musembi aliniachia vitu viwili. Cha kwanza ni ile klampu nzito ya kubania springi za mbele, ambayo ninyi mnaikwepa mkasema inachelewesha, mnafunga springi kwa waya. Lile tundu la mabati juu ya shimo la kazi, ambalo mvua ikinyesha mnaliwekea kopo, lilitobolewa na springi iliyofungwa kwa waya. Ilipita karibu na sikio la mtu. Sitaki kusikia tena habari ya kuchelewa.

Cha pili ni hicho kijiti. Ni kipande cha mwarobaini, urefu wa mkono, amekichonga mikato mitatu. Unakisimamisha katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake. Mkato wa juu ni gurudumu likining'inia hewani, wa kati ni gari likiwa tupu chini, wa mwisho ni gari likiwa na mzigo wake wa kawaida. Ukibadilisha springi, unapima upya, kisha unachukua shoku mkononi, unaivuta yote na kuibonyeza yote. Kama haifiki pale gurudumu linapoweza kufika, hiyo shoku si ya springi hiyo. Hata iwe mpya, hata iwe na rangi nzuri, hata ishuke rafuni na baraka zote. Gari zote si sawa, kwa hiyo mikato nimeichonga upya na upya hadi kijiti kimekonda.

Sasa niwafikishe kwa Halima.

Wengi mnamfahamu, yule mama wa maziwa ya ngamia. Alianza akiwa anakaa sokoni na mtungi mmoja, akingoja maziwa yaletwe na magari ya watu, na magari ya watu yakichelewa maziwa yanachacha, na yakichacha hasara ni yake. Akajifunza kuendesha. Akanunua kigari cha Kijapani, kile cha mgongo mrefu, akawa anakwenda mwenyewe upande wa Ijara kuchukua maziwa kwa wanawake wenzake ambao hawana njia nyingine ya kuyafikisha mjini. Alikuwa mteja wangu. Katika wateja wote wa gereji ile, yeye peke yake alikuwa akiinama kutazama chini ya gari pamoja nami. Wanaume wanasimama wanaongea na simu.

Kaka yake mdogo anaitwa Abdi, mfanyabiashara wa mifugo, si mtu mbaya. Nataka mjue hilo kabla sijaanza kumsema. Aliona dada yake amefanya bidii akataka kumpa zawadi. Halima alipokwenda Buna kwenye harusi, Abdi akaniletea gari, na ndani ya buti ameweka springi mbili za nyuma, ndefu, nene, zilizotoka kwenye gari kubwa kuliko lile.

"Adeer," akaniambia, kwa heshima, maana mimi ni kama ami yake, "hii gari imekaa chini kama inaomba. Nataka isimame."

Nikamwambia mzigo wa maziwa haufiki uzito wa springi hizo. Anachohitaji dada yake ni springi mpya za gari lile lile, na shoku zinazolingana nazo. Na kama ni lazima liinuke, basi shoku nazo zibadilishwe, ziwe ndefu zaidi na zenye nguvu ya kuzishika springi hizo, maana springi ngumu inaporudi juu inarudi kwa hasira.

"Shoku ni mpya, adeer. Halima ameziweka juzi tu."

"Ni mpya kwa springi za zamani."

"Wa dukani amesema itaingia."

Nikakataa kuifunga. Adhana ya adhuhuri ikaita nikaenda msikitini. Niliporudi nikakuta gari limeshuka kwenye jeki, mkia juu, Abdi analizunguka anatabasamu, na mmoja wenu anafuta mikono kwa kitambaa. Simtaji jina. Anajijua, na anasoma hapa.

Nikachukua kijiti, nikainua gari tena bila kumwomba mtu ruhusa. Gurudumu lilipoachwa lining'inie, shoku ilikuwa imenyooka yote, imefika mwisho wake, na springi bado inasukuma. Maana yake kila gari likiruka, shoku ndiyo inayovutwa kama kamba, na shoku haikutengenezwa iwe kamba. Nikamwonyesha yule kijana wetu. Akacheka. "Lakini imeingia, mzee."

Wallahi nilitaka kumpiga na kile kijiti. Nilimgeukia Abdi, nikamwambia: gari hili likibeba maziwa litakwenda vizuri na mtanicheka. Shida ni kurudi. Likirudi tupu litaruka, na siku moja kile chuma cha katikati ya shoku kitakatika. Nikampigia Halima, simu haikushika huko Buna. Nikamwambia Abdi, dada yako akirudi mwambie alilete kwangu kabla hajatoka nalo mjini. Akasema, haye, adeer, nitamwambia.

Hakumwambia. Aliona haya kuharibu zawadi yake mwenyewe. Halima alirudi jioni, akalikuta gari limesimama, akamshukuru kaka yake, na alfajiri akaondoka; kwenda likiwa tupu shoku zilistahimili. Akaleta maziwa mjini salama, kama nilivyosema. Alipokuwa anarudi Ijara na mitungi mitupu, kwenye kijikorongo ambacho amekivuka maisha yake yote, mkia ukarushwa juu, shoku ya kushoto ikakatika, ekseli ikaning'inia, springi ikatoka kwenye kiti chake ikaanguka njiani. Gari likajitupa upande likalala mchangani. Halima akavunjika mfupa wa bega. Mama mzee aliyekuwa amempa lifti akatoka na mikwaruzo, alhamdulillah.

Kabla bega halijafungwa, mji ulikuwa umeshatoa hukumu. Mwanamke na usukani, mlitarajia nini? Niliyasikia hotelini, nikayasikia kwa kinyozi. Nilimsikia dereva mmoja, ambaye mimi mwenyewe nimemtoa mtaroni zaidi ya mara moja, akieleza namna wanawake wanavyoogopa wakifika korongoni. Nikaacha chai yangu pale mezani. Chini ya gari kuna chuma kilichokatika, kinaonekana kwa macho, kinashikika kwa mkono, na hakuna hata mmoja aliyeinama kukitazama. Kilichotazamwa ni shela ya dereva.

Kibaya zaidi, Abdi akachukua ufunguo. Alisema ni kwa ajili ya usalama wake. Akatafuta dereva, mwanamume, wa kumwendeshea, na Halima atakaa sokoni angoje maziwa yaletwe, kama zamani. Wale wanawake wa Ijara walipeleka ujumbe kwamba dereva wa kukodishwa hawamjui, hatawangojea wakamue, na hawatampa mitungi yao. Kwa ufupi, biashara imekufa, na mwanamke aliyekuwa akilisha nyumba anarudi kumwomba mdogo wake sukari. Hilo ndilo lililokuwa mezani, na ninyi pale gereji mlikuwa mkiongea habari za mpira.

Gari likavutwa hadi kwetu. Asubuhi moja wakaja wote: Abdi, ufunguo mfukoni, na yule dereva mpya nyuma yake, na Halima mkono umefungwa kifuani. Abdi alitaka nitengeneze haraka. Nikamwambia sitaigusa nati hata moja hadi atazame.

Nilikuwa nimeshatoa gurudumu la kulia, upande uliosalimika. Nikainua, nikaacha ekseli ining'inie, nikamwambia ashike shoku kwa mkono. Ilikuwa imekazwa kama waya wa ua. Nikamwonyesha kile chuma cha kushoto kilichokatika, nikamwonyesha na alama pale springi ilipochomoka. Alitazama yote. Si mjinga, alielewa.

"Sawa, chuma kimekatika," akasema. "Lakini mwanamume angelishika."

Hapo nilipandwa na hasira. Nilimwambia angelishika nini, springi imeshaanguka barabarani? Nilimwambia hata huyu dereva wake hapa nyuma angelala mchangani vilevile, tena huyu angekuwa na kasi zaidi. Nilimuuliza mbele ya watu kama alifikisha ujumbe wangu kwa dada yake. Halima akanigeukia.

"Ujumbe gani, Noor?"

Nikamweleza. Hakumpigia kaka yake kelele. Alichuchumaa polepole, mkono mmoja tu unamsaidia, akatazama chini ya gari kwa muda mrefu.

"Hii springi," akaniuliza, "ndiyo inayobeba?"

"Ndiyo."

"Na hii inaishika isirushe?"

"Ndiyo."

"Basi hii ni heeryo, na hii ni kamba."

Ninyi wa Mwingi niwaeleze. Heeryo ni ile mikeka minene inayowekwa mgongoni mwa ngamia wa mizigo, na mzigo unakaa juu yake. Kamba inapita tumboni, inashika kila kitu. Kwetu jamii ikihama, anayefunga mzigo ni mwanamke. Wanawake ndio wanaobomoa nyumba, ndio wanaompakia ngamia, ndio wanaomwongoza. Mwanamume yuko mbele na mifugo. Mwanamume wa kwetu atakuambia ukoo wa ngamia hadi bibi ya bibi yake, lakini mpe kamba amfunge mzigo, utacheka. Ndiyo maana nyinyi wanaume mnalitazama gari kama mnavyomtazama ngamia mnadani, amesimama vipi, shingo iko wapi. Anayejua kupakia anamtazama ngamia akishuka na kuinuka.

Halima akasimama. "Umeongeza mikeka, Abdi. Kamba umeiacha ileile. Ngamia akiinuka, kamba inakatika. Hata msichana mdogo anajua hilo."

"Watu wanaongea, walaal, dada yangu," Abdi akasema kwa sauti ya chini.

"Waache waongee. Nikuulize. Tulipotoka Diff kwa ule ukame, wewe ulikuwa mtoto, huwezi kutembea mwendo ule. Ulikaa wapi?"

"Juu ya ngamia."

"Na mama alikuwa na homa, hawezi kusimama. Nani aliyemfunga yule ngamia?"

Abdi akatazama mchanga.

"Wewe."

"Njia nzima hadi Garissa. Ulianguka?"

Alijibu kwa sauti ya yule mtoto.

"Sikuanguka."

Akatoa ufunguo mfukoni akauweka kwenye mkono mzima wa Halima. Yule dereva akauliza kama basi kazi bado ipo. Halima akaukunja mkono juu ya ufunguo, dereva akaenda zake.

Zile springi ndefu nilizitoa nikazitupa kwenye chuma chakavu, na mtu asije kuzichukua. Nikafunga springi mpya za gari lenyewe, na shoku nilizozivuta na kuzibonyeza mwenyewe, zote mbili mpya, maana ile iliyobaki ilikuwa imeshavutwa ikachoka. Hasira yangu haijapoa. Duka bado lipo, neno bado ni lile, na juzi tu nimeona kigari kingine kikipita mbele ya nyumba yangu, mkia juu, kitupu, kinarukaruka, na mwenyewe amefurahi.

Halima alikuja kulichukua bega lilipopona. Abdi alikuwa naye, akasema limekaa chini kidogo, lakini alisema taratibu. Halima hakuuliza limesimama vipi. Alishika buti, akalibonyeza, akaliachilia, akangoja.

"Ikiwa tupu," akaniuliza, "itakuwaje?"

Tangu Musembi afe sikuwahi kulisikia swali hilo kwa mtu mwingine, si kwa mteja, si kwenu. Nikatoa kijiti, nikamwonyesha ile mikato mitatu, nikachonga mipya ya gari lake hapo hapo, nikampa.

Kwa hiyo msinipigie tena. Kijiti kiko chini ya kiti cha dereva, kwenye gari la Halima, kati ya Garissa na Ijara. Anayekitaka akamwombe mwenyewe, na kabla hajakiomba amwambie ni nani aliyefunga zile springi nilipokuwa msikitini.